Mbona aliyechelewa alitangulia?

Swali: Nilifika kituo cha afya saa moja asubuhi na mtoto mwenye homa. Mama aliyekuja saa tatu akaingizwa kwanza. Ni haki? – Mama, Sironga

Jibu: Ni haki, mama, ingawa inauma. Muuguzi hutazama hatari kabla ya saa. Mtoto anayepumua kwa shida, mwenye degedege au asiyeamka vyema hasubiri hata kadi. Muuguzi humbonyeza ukucha: damu ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, na mikono ikiwa baridi, mzunguko umedhoofu. Malaria kali, ambayo milima ya Gusii inaijua, huweza kushusha sukari ya mtoto ghafla. Ndiyo maana kidole hutobolewa mapema kupima sukari hiyo. Lakini hali hubadilika foleni ikisonga. Mtoto wako akilegea au kutapika kila kitu, usione haya: mwite muuguzi ampime upya.