Rafadha ya Mtumbwi wa Mkulima na Hatua Iifaayo

Wakulima wa visiwa vya Ziwa Victoria, kama vile Ukerewe, Ukara na Kome, hawana budi kuvuka maji ili wafikishe mazao yao sokoni. Mihogo, mpunga na machungwa hupakiwa katika mitumbwi ya mbao, na mingi kati ya mitumbwi hiyo huendeshwa kwa mashine ya petroli itungikwayo tezini. Mashine hiyo hununuliwa kwa fedha nyingi, aghalabu kwa mchango wa watu kadha. Walakini maisha yake, na faida ya safari nzima, hutegemea sana kitu kilichofichika chini ya maji ambacho wanunuzi wengi hawakiulizi dukani, yaani rafadha. Katika karatasi hii twataka kueleza jinsi ya kuichagua.

Mtu akikaza parafujo katika mbao laini, kila mzunguko mmoja huiingiza mbele kwa kadiri ile ile. Rafadha nayo ni namna ya parafujo, na maji ndiyo mbao yake. Urefu ambao ingekwenda mbele kwa mzunguko mmoja, kama maji yangekuwa magumu yasiyoteleza, huitwa hatua ya rafadha. Tazama kitovuni utaona namba zimepigwa chapa, mathalani 9¼ × 9. Ya kwanza ni kipenyo cha duara lichorwalo na ncha za mapanga yake, na ya pili ni hatua, zote kwa inchi. Zikiwa namba tatu, moja ni hesabu ya mapanga. Basi rafadha ya hatua ya inchi 9 hukusudia kwenda mbele kadiri ya shibiri moja kwa kila mzunguko.

Tufanye hesabu kidogo. Mashine ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, na gia zake zikipunguza mwendo huo kwa nusu, rafadha huzunguka mara 2,500. Kwa hatua ya inchi 9, yaani sentimeta 23 hivi, ingekwenda kama kilometa 34 kwa saa. Lakini maji huteleza. Mashua nyepesi ipaayo juu ya maji yaweza kupoteza moja katika tano, ikaenda kilometa 27. Mtumbwi mzito uliosheheni magunia hupoteza zaidi ya nusu, na wala hilo si ajabu wala si kosa la fundi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani kwamba hatua ikiwa kubwa, mwendo nao utakuwa mkubwa. Mwenye kupandisha gunia mlimani kwa baiskeli yenye gia nzito ajua mambo yalivyo: miguu husukuma kwa nguvu zote, magurudumu hayaendi, na mtu huishiwa pumzi kabla ya kufika kileleni. Mashine iliyofungwa rafadha ya hatua kubwa kupita kiasi huteseka vivyo hivyo. Petroli hufunguliwa yote, nayo haifikii mizunguko yake. Joto huzidi, masizi hujaa ndani, pistoni huumia, na petroli huliwa bila faida. Tena hatari yake haionekani upesi, maana mtumbwi huenda, na mlio wa mashine huwa wa chini kana kwamba inafanya kazi kwa utulivu. Kisha siku ya upepo mkali, katikati ya ziwa, nguvu inapotakiwa haipo.

Hatua ikiwa ndogo mno, mashine hupiga kelele na kuzunguka kupita kipimo chake, mfano wa miguu inayozungusha pedali upesi na baiskeli ikajikokota. Hilo nalo huharibu. Lakini kwa mkulima abebaye mizigo, twaona kosa la kwanza ndilo kubwa.

Mtumbwi mzito hauwezi kupaa juu ya maji. Husukuma maji na kufanya wimbi lake wenyewe, na wimbi hilo huufungia mwendo. Mtumbwi wenye urefu wa meta 8 majini haupiti kwa urahisi kilometa 12 au 13 kwa saa, na nguvu zikiongezwa huinua omo na kuzamisha tezi tu. Kwa hiyo yafaa rafadha yenye kipenyo kikubwa kadiri mashine inavyoruhusu, na hatua fupi. Kipenyo hushika maji mengi, na hatua fupi huipa mashine nafasi ya kuzunguka.

Kuna jambo jingine lisilotajwa mara nyingi madukani. Ziwa Victoria liko juu ya usawa wa bahari kwa meta 1,134. Huko juu hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam au Mombasa, na mashine huhitaji hewa ili iunguze petroli. Kwa kila meta 300 za kupanda hupoteza nguvu kama sehemu 3 katika 100. Basi mashine ya nguvu za farasi 15, ikiletwa kutoka pwani hadi Mwanza, hubaki na nguvu za farasi 13 na kidogo. Katika Ziwa Tanganyika, lililo kwenye meta 770 hivi, upungufu ni sehemu 8 katika 100. Katika Ziwa Nyasa ni sehemu 5 hivi. Rafadha iliyofaa kabisa baharini huwa nzito ziwani, na mara nyingi yatakikana kupunguza inchi 1 au 2 za hatua kwa sababu hiyo peke yake. Tena, mashine ya kabureta hupata petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Fundi mwenye ujuzi aweza kuibadilishia jeti ndogo zaidi.

Sasa utajuaje rafadha yako ni sawa? Kitabu cha mashine hutaja mizunguko inayopasa kufikiwa petroli ikifunguliwa yote, mathalani kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Tafuta kipimo cha mizunguko. Viko vidogo vifungwavyo kwenye waya wa plagi, na chama cha wakulima chaweza kununua kimoja kikatumiwa na wote. Pakia mzigo wa kawaida wa siku ya soko, si mtumbwi mtupu. Kwanza hakikisha kwamba mwani haukuota chini ya mtumbwi, kwamba panga la rafadha halikupinda, na kwamba magugu maji hayakuizonga. Hakikisha pia kwamba bapa lililo juu ya rafadha liko sawa na chini ya mtumbwi. Likiwa juu mno rafadha huvuta hewa, na vipimo vyote huwa vya uongo. Kisha nenda katika maji yaliyotulia, fungua petroli yote kwa muda mfupi, soma kipimo, ugeuke, usome tena.

Kila inchi moja ya hatua hubadili mizunguko kwa kadiri ya 150 hadi 200. Tuseme una rafadha ya hatua ya inchi 11, na kwa mzigo mashine hufikia 4,100 tu. Ukichukua ya inchi 8 utapata 450 hadi 600 zaidi, yaani 4,550 hadi 4,700, nayo yamo ndani ya kipimo. Ukichagua yenye mapanga manne badala ya matatu, punguza inchi moja zaidi, kwa kuwa panga la nne ni zito kuzungushwa. Wakati wa kurudi mtumbwi ukiwa mtupu, mashine itataka kuzunguka zaidi. Basi usifungue petroli yote.

Asiye na kipimo asikilize. Ukifungua petroli kutoka robo tatu hadi mwisho, na mlio wa mashine usipande hata kidogo, yaelekea rafadha ni nzito.

Kuhusu madini, penye miamba, kama pwani za Mwanza zilivyo, twapendelea alumini kuliko chuma cha pua. Alumini ikigonga jiwe hupinda na kuharibika yenyewe; chuma hicho hupeleka pigo ndani, na gia ni ghali kuliko rafadha.

Kabla ya kuvua rafadha, ondoa waya za plagi ili mashine isiwake kwa bahati mbaya. Zuia panga kwa kipande cha ubao, fungua nati, na kabla ya kuweka rafadha mpya paka grisi kwenye mhimili. Tazama kama uzi wa nailoni wa nyavu umejisokota nyuma ya kitovu, maana hukata mpira uzuiao maji, na maji huingia penye gia. Mafuta ya gia yakitoka meupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia; mtumbwi usiondoke mpaka mpira huo ubadilishwe.