Kukaa na Hilux Miaka Mingi katika Uwanda wa Makonde

Mtu anayekusudia kununua pikapu ya kufanyia kazi baina ya Masasi na Newala, kabla ya kuuliza bei, na kabla ya kusafiri hadi Dar es Salaam kwenda kuzungushwa na madalali, yampasa kwanza ajiulize gari hilo litabeba nini aghalabu ya siku, na litapita juu ya udongo wa namna gani. Kwa sababu huku kwetu udongo si wa aina moja wala mzigo si wa aina moja, na gari linalosifiwa na mtu wa Mtwara mjini kwa ulaini wa viti vyake laweza kumtia mkulima wa Kitangari katika gharama asizozitarajia.

Mimi ninayo Hilux ya dizeli, injini ya lita 2.5, gia za mkono, dabo kabini, ya kizazi kile kilichotoka mwaka 2004 ambacho wengi hukiita Vigo. Nimekaa nayo tangu msimu wa korosho wa 2012, nayo imekwisha kupita kilomita laki tatu, nyingi katika hizo zikiwa si za lami. Vijana wanaoanza biashara huniuliza mara kwa mara kama inafaa, nami sipendi kumjibu mtu kwa neno moja katika jambo la mamilioni ya shilingi. Ndiyo maana naandika.

Hilux ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1968, lakini kizazi hiki changu kiliundwa Thailand, Afrika ya Kusini na Argentina, na Wajapani wenyewe hawakuuziwa Hilux mpya nchini mwao tangu 2004 hata ilipofika 2017. Jambo hili lina faida kwa mnunuzi: dalali akikuambia kwamba gari la 2010 lilikuwa likitembea Tokyo mikononi mwa mzee mmoja mtaratibu, omba karatasi zake uzisome mwenyewe, maana gari la namna hiyo aghalabu limetoka Thailand, au Uingereza, au limetumika hapa hapa nchini, na historia ya kila moja ni mbali na ya mwenzake.

Niliichagua kwa sababu ambayo haimo katika vitabu vya matangazo. Ziko pikapu nyingine zenye nguvu kuliko yangu na zenye starehe zaidi, na Land Cruiser ya mizigo ni imara kuipita, kama mtu ana fedha zake. Lakini gari likikulalia Newala usiku wa manane, linalokuokoa ni fundi wa jirani anayelijua na duka la Masasi lenye spea yake, na kwa hayo mawili Hilux haina mpinzani katika wilaya hizi. Mwenye mizigo ya tani tatu na anunue Canter, na mwenye magunia mawili matatu ya kupeleka chama cha msingi, siku hizi guta lamtosha.

Sasa nianze na udongo. Uwanda wetu umeinuka juu ya bonde la Ruvuma kwa kuta ambazo msafiri akisimama pale Shimo la Mungu, Newala, huziona zikiporomoka chini ya miguu yake. Na juu ya uwanda huo mchanga mwekundu una kina kirefu, nao hunywa mvua upesi hata usikute mto wala kijito. Kwa hiyo mambo huwa kinyume cha yale aliyoyazoea dereva wa bara. Katika kiangazi, baina ya Agosti na Novemba, ambapo ndipo korosho zinapotoka, njia za mashambani huwa mbaya kuliko wakati wowote, mchanga ukiwa mkavu na umelegea; mvua za Desemba zikishika, mchanga ule ule hushikamana na gari likapita kwa raha. Walakini, ukiteremka kuelekea Masasi na bonde la Mto Mwiti, mvua hizo hizo hugeuza udongo wa mfinyanzi kuwa utelezi mtupu, na dereva aliyetoka juu akiwa na moyo mkunjufu hujikuta yuko mtaroni kabla hajafahamu kwamba ardhi imebadilika.

Katika mchanga mkavu dawa ya kwanza ni upepo wa tairi. Njia ya kawaida mimi huweka paundi 30 hivi bila mzigo. Nikiingia mashambani hushusha hadi 20, tairi ikatanua tumbo na kukanyaga kwa upana, na gari lililokuwa likizama likaelea. Mwendo uwe mmoja, wa gia ya pili au ya tatu, pasipo kukanyaga breki kwa ghafula, na ukitaka kusimama, simama pale ardhi inapoelekea chini. Gurudumu likianza kuzunguka bila gari kusogea, toa mguu mara moja, kwa kuwa kila mzunguko ni jembe linalochimba kaburi la gari lenyewe. Kisha, kabla hujarudi barabarani, rudisha upepo. Tairi laini likikimbizwa juu ya lami hupata moto na kupasuka, kwa hiyo pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri isikose chini ya kiti. Na fowili itolewe kabisa ukifika penye lami, kwani katika gari hili magurudumu ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, na juu ya ardhi ngumu yasipopata nafasi ya kuteleza hukabana wakati wa kukata kona, na ugomvi huo huishia ndani ya gia.

Ama kuhusu mzigo, hapa ndipo pikapu nyingi za huku zinapopoteza umri wao. Gunia la korosho ni kilo 80 hivi, na Hilux yenye kabini mbili huchukua tani moja au pungufu kidogo, na katika hesabu hiyo watu waliomo wamo pia. Kwa hiyo magunia kumi yenye dereva na utingo ni mzigo wa haki, na ishirini, ambayo watu huyapakia bila kusita, ni kilo 1,600 zinazobebwa na chuma kisichokusudiwa. Si wingi peke yake. Gari la kabini mbili lina bodi fupi ambalo sehemu yake kubwa imening'inia nyuma ya ekseli, na magunia yakirundikwa mkiani, mbele huinuka, usukani ukawa mwepesi mkononi, na chasisi ikaanza kupinda mahali pale kabini inapoachana na bodi. Nimeona magari mazuri yaliyovunjika mgongo hapo hapo, yakiwa na injini nzima kabisa. Mzigo mzito uanze kuegemezwa kabini, mwepesi ufuate nyuma, na kamba ikazwe kabla ya turubai. Wengine huongeza springi nyuma kisha wakadhani wameongeza uwezo wa gari. Springi hukataa kushuka, lakini chasisi, breki na beringi ni zile zile. Tena bila mzigo gari kama hilo hurukaruka katika njia yenye mawimbi hata abiria wa nyuma wakaomba kushuka.

Maji ni mzigo wa peke yake, na mgeni asiyeijua Newala hawezi kuelewa kwa nini nayatilia mkazo. Kwa kuwa uwanda hauna maji ya juu ya ardhi, mababu zetu waliyateremkia mabondeni na kuyapandisha kichwani. Waingereza katika miaka ya 1950 wakaanzisha mradi wa maji wa Makonde, na hadi leo maji husukumwa kutoka mabonde kama Mkunya na Mitema kuja juu. Bomba likikatika, pikapu ndiyo bomba. Simtanki la lita 1,000 lililojaa ni tani nzima kabla hujapima tangi lenyewe, na wengi wakiliona ni zito huamua kulijaza nusu, wakidhani wamelihurumia gari, kumbe maji yaliyopata nafasi huenda mbele ukifunga breki na hurudi nyuma ukiondoka, na katika kona huhama upande mmoja kwa uzito wote. Afadhali tangi dogo la lita 500 lililojaa hadi kinywani, limefungwa kwa mikanda na kuegemezwa kabini, kuliko kubwa lililojaa nusu. Kwenye miteremko ya kushuka uwandani weka gia ya pili tangu juu, uiache injini izuie gari, na breki ziwe akiba. Breki zilizokanyagwa mfululizo hadi chini hunuka, kisha hazishiki.

Dizeli nayo ina hadhari zake. Injini za namna hii hurusha mafuta kwa mgandamizo mkubwa mno kupitia matundu membamba ya nozeli, na tone la maji au chembe ya uchafu ambayo injini za zamani zingeimeza bila kulalamika, hii hairuhusu. Chini ya chujio la dizeli kuna kifunguo kidogo cha kutolea maji. Mimi hukilegeza mara kwa mara, hasa nikiwa nimelazimika kununua mafuta ya madumu vijijini, nikakinga kwa chupa nyeupe ya plastiki na kuiacha itulie juu ya ukuta: dizeli safi hubaki juu na rangi yake ya manjano, na maji, kama yapo, hukaa chini yakiwa na mstari dhahiri baina yao, na wakati mwingine utando wa masizi chini kabisa. Endelea kutoa mpaka chupa ije na rangi moja, kisha pampu kwa mkono juu ya chujio hadi pawe pagumu, ndipo uwashe. Nozeli za injini hii zikiharibika ni ghali, na kazi hiyo ya kuzuia haimgharimu mtu kitu.

Kadhalika vumbi. Chujio la hewa, kiangazi, hutaka kufunguliwa kila wiki; lipigwepige taratibu kwa kiganja, upande wa uchafu ukitazama chini, nalo litamwaga unga mwekundu mwembamba kupita kiasi, wala lisipulizwe kwa upepo mkali kutoka nje, kwa maana karatasi yake hutoboka matundu yasiyoonekana na vumbi likaingia kwenye turbo. Wakulima wa korosho tuna jambo jingine zaidi: salfa ya kupulizia mikorosho. Mifuko yake huvuja, unga ule ukabaki kwenye kona za bodi, na ukipata unyevu kwa muda mrefu huwa mkali na kula bati. Kila baada ya kubeba salfa, au mabibo yaliyochuruzika maji, bodi lifagiliwe kisha lioshwe hata kama maji ni ya kununua. Bodi langu lina mikwaruzo isiyo na idadi, lakini tundu la kutu halina.

Watengenezaji katika nchi nyingi wameandika kwamba taiming belti ya injini hizi hubadilishwa kila kilomita 150,000, na taa yake huwaka kwenye dashibodi muda ukifika. Kwa vumbi letu mimi hubadilisha katika 100,000, pamoja na beringi yake, maana ikikatika njiani valvu hugongana na pistoni na mtu akaanza kutafuta injini nyingine. Vilivyobaki ni mpira mpira: bushi, buti, boljointi, shokapu. Niliwahi kumlalamikia fundi wangu wa Masasi kwamba gari limezeeka, lina kelele mbele, naye akatoka chini ya gari akijifuta mikono, akasema, "Hapana, mjomba, gari bado zima. Wewe unaisikia njia, bushi hazipo." Akaweka bushi mpya, kelele zikaisha jioni ile ile.

Lipo jambo ambalo sikulitia katika hesabu nilipokuwa nanunua, nalo limekuwa kubwa kuliko yote. Mwenye pikapu kijijini hamiliki gari peke yake. Mgonjwa wa kukimbizwa hospitali ya Ndanda usiku, jeneza la kupeleka kwao marehemu, ngoma na watoto wakati wa jando, wote hao wataugonga mlango wako, na kumkatalia mtu si katika mila zetu. Kwa sababu hiyo nasema kabini mbili ni bora hapa, japo bodi lake ni fupi, kwa kuwa mama aliyeshikwa na uchungu hawezi kulazwa juu ya magunia. Na kwa sababu hiyo hiyo tangi langu la mafuta halishuki chini ya nusu.

Lami nayo inakuja. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina urefu wa kilomita 210 hivi. Kipande cha kutoka Mtwara hadi Mnivata kimekwisha zamani, na kazi ya kutoka Mnivata hadi Masasi, pamoja na daraja la Mwiti, ndiyo tuliyoingojea miaka mingi kwa hamu kubwa. Nimefurahi, na gari litafurahi. Lakini mashamba hayatahamia barabarani, na vyama vya msingi vingi viko ndani, kwa hiyo anayenunua sasa asidanganyike kuchukua tairi za lami peke yake. Achukue zenye meno ya wastani, zinazovumilia pande zote mbili.

Akishapata gari la kutazama, asianze na rangi. Alale chini yake na tochi, aikague chasisi kwa kidole nyuma ya kabini, pande zote, akitafuta mahali palipochomelewa au palipopakwa rangi mpya. Atazame kama nafasi baina ya kabini na bodi ni sawa juu na chini, kwa kuwa ikiwa juu imepanuka na chini imebanwa, mgongo umekwisha kupinda. Aulize belti ilibadilishwa lini na aoneshwe risiti. Afungue kifuniko cha rejeta, injini ikiwa imepoa, aone kama maji yana mafuta. Halafu aombe kurudi kesho yake alfajiri, kabla mwenye gari hajaliwasha, na awashe yeye mwenyewe likiwa baridi. Likigoma, au likiwaka kwa mgongano mkali na moshi mweupe usiokoma, nozeli zimekwisha, na bei yake ipunguzwe kwa kadiri ya nozeli nne mpya, au aondoke.