Kero ndogo, furaha ndogo: tumsikilize kijana anayesubiri

Somo kwa kamati za parokia na usharika

Kamati nyingi zikikaa kupanga kazi ya vijana huanza na mambo makubwa: ajira, Ukimwi, dawa za kulevya, mmomonyoko wa maadili. Mambo hayo ni ya kweli na yanastahili kuandikiwa miradi. Lakini kijana mwenyewe akiamka asubuhi anawaza ndoo ya maji, simu isiyo na bando, na jirani atakayemwuliza tena, "Vipi, matokeo bado?" Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Somo hili linahusu miiba hiyo midogo, pamoja na furaha ndogo zinazomwezesha kijana kuendelea. Tutatumia mfano unaojulikana karibu katika kila parokia nchini Tanzania: kijana aliyemaliza kidato cha nne na sasa yuko nyumbani anasubiri.

Malengo ya somo

Mwisho wa somo hili wanakamati waweze:

- kueleza siku ya kijana huyu tangu anapoamka hadi anapolala;
- kutambua kero ambazo kamati inaweza kuziondoa ndani ya mwezi mmoja;
- kulinda furaha ambazo vijana wanazo tayari, kabla ya kuanzisha jambo jipya.

Tunamsema kijana yupi?

Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unamtaja kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 ilitumia umri huohuo. Kwa kupanga mipango ya nchi umri huu unafaa, lakini parokiani unaweza kutupoteza. Baba wa watoto watatu mwenye miaka 34 na msichana wa miaka 17 wote huitwa vijana. Mwakilishi wa vijana kwenye kamati mara nyingi ni yule wa kwanza. Anazungumzia mikopo na viwanja, na yule wa pili hana wa kumsemea.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa aliye chini ya miaka 18 haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Kwa hiyo kumsikiliza msichana huyu ni wajibu wetu.

Miezi ya kusubiri

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika mwezi Novemba. Matokeo kwa kawaida hutoka mwezi Januari. Baadaye hutangazwa waliochaguliwa kuingia kidato cha tano na vyuo, na kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni miezi saba hivi. Katika muda huo kijana amevua sare, lakini bado hahesabiwi kuwa mtu mzima. Ratiba ya kengele imekwisha na marafiki wametawanyika kila mmoja kwao. Nyumbani anaonekana hana kazi, na asiye na kazi ndiye anayetumwa.

Kero za kila siku

Kutumwa bila kuulizwa. Akikaa tu anaitwa: peleka mahindi mashineni, mwangalie mdogo wako, kaa dukani nifike mjini mara moja. Kazi zenyewe si mbaya, na amelelewa akizifanya. Kinachomchosha ni kwamba hakuna anayemwuliza kama alikuwa na mpango wake. Msichana hubeba zaidi, kwa sababu maji, vyombo na mboga vinamsubiri hata baada ya shamba.

Maswali ya watu. Kabla ya matokeo anaulizwa yatatoka lini. Yakishatoka anaulizwa amepata daraja gani. Aliyepata daraja la nne au sifuri hujifunza kupita njia ya nyuma ya nyumba. Wengine huanza kukosa ibada kwa sababu hiyohiyo: nje ya kanisa ndipo wauliza maswali wengi hukutana.

Simu. Nyumba nyingi zina simu ambayo kijana huiazima. Laini imesajiliwa kwa jina la mzazi, na bando likikwisha, limekwisha. Akionekana ameshika simu huambiwa anapoteza muda, hata kama anatafuta chuo.

Fedha ndogo. Msichana anahitaji taulo za kike kila mwezi na ni vigumu kumwomba baba. Mvulana anahitaji kunyoa nywele. Amefanya kazi shambani tangu Desemba, lakini mazao yakiuzwa hapewi hata kidogo cha kushika mkononi.

Kushukiwa. Msichana akisimama njiani kuongea na mwanafunzi mwenzake wa zamani, habari hufika nyumbani kabla yake. Mvulana akikaa kijiweni kucheza drafti anaitwa mhuni.

Mwiba unapoota tende

Kwa nini kamati ishughulike na mambo haya? Kwa sababu kero ndogo ikikaa muda mrefu hufungua mlango wa hasara kubwa. Angalieni mifano mitatu.

Kwanza, mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano hadi kufikia 65, na wahitimu wa mwaka 2023 wakapewa muda maalumu wa kubadili machaguo yao kwa njia ya mtandao. Kwa kijana mwenye simu na bando hiyo ilikuwa kazi ya jioni moja. Asiye na simu wala wa kumwelekeza angeweza kupitwa na nafasi hiyo bila hata kujua kwamba ilikuwapo. Bando la shilingi chache linaweza kuamua mtu asome nini kwa miaka miwili.

Pili, msichana aliyechoka kuomba fedha ya taulo ni rahisi kumkubali mgeni anayeahidi kazi nzuri mjini. Anaondoka na begi dogo, na mwajiri hajulikani jina wala mtaa. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu mwaka 2008, lakini sheria humfikia kwa shida mtu ambaye nyumbani kwao hawajui alikokwenda.

Tatu, mvulana aliyechoka kuitwa mhuni hukodi pikipiki ya mtu na kuanza bodaboda bila mafunzo wala leseni. Anapata heshima ya kushika fedha siku ya kwanza. Ajali ikitokea, parokia hukusanya michango ya hospitali. Mchango huo ni mkubwa kuliko gharama ya kumpeleka kwenye mafunzo ya udereva.

Furaha ndogo

Ukiwauliza vijana kinachowafurahisha, wengi hutaja mambo ya gharama ndogo: mazoezi ya kwaya jioni, chandimu kwenye uwanja wa vumbi, mechi ya Simba na Yanga katika banda la video, kusukana nywele Jumamosi huku wakicheka, kipande cha muwa, chipsi mayai mara moja kwa mwezi, kulala dakika kumi zaidi siku ya mvua.

Wazee wengine huyaita mambo haya uvivu. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Zaidi ya haki, tuangalie faida. Anayeimba sauti ya pili anajifunza kuwasikiliza wengine. Anayepanga timu ya mtaa anajifunza kukusanya michango, kugombana na kupatana. Wasichana wanaosukana nywele wanaambiana mambo wasiyoweza kumwambia mtu mzima, na mara nyingi mwenzao ndiye wa kwanza kujua kuna hatari. Mazoezi ya kwaya yakifutwa kwa sababu ukumbi unahitajika kwa kikao, kamati imefunga dirisha ambalo lingeweza kumwona kijana.

Kujifunza Biblia

Someni 1 Samweli 16:1–23 na 17:12–40.

Nabii alipofika nyumbani kwa Yese, ndugu wakubwa walipangwa mbele yake. Daudi hakuitwa, kwa kuwa alikuwa machungani. Baadaye vita ilipoanza alitumwa kupeleka bisi, mikate kumi na jibini kambini. Alipouliza maswali, kaka yake Eliabu alimkasirikia na kumshuku nia mbaya. Kijana yeyote wa leo anaifahamu hadithi hii: hakuitwa kikaoni, alitumwa, na alipofungua mdomo akakemewa.

Sasa angalieni alichokuwa nacho: kinubi na kombeo. Hivi ni vitu vya mchunga kondoo aliye peke yake muda mrefu. Kinubi kilimfikisha kwa mfalme, na kombeo likawaokoa wote, Eliabu akiwamo. Jiulizeni: katika parokia yetu, kinubi na kombeo viko mikononi mwa nani, na sisi tunaviitaje?

Zoezi: saa ya siku

Zoezi hili huchukua saa mbili. Halihitaji fedha.

1. Waiteni vijana waliomaliza kidato cha nne, pamoja na wale walioacha shule njiani. Wagawanyike wasichana peke yao na wavulana peke yao, sita hadi wanane kila kundi. Mwongozaji asiwe mzazi wa yeyote kati yao.
2. Kila kundi lichore duara kubwa chini kwa kijiti na kuligawa kwa saa za siku ya kawaida.
3. Waweke punje za mahindi palipo na kero na maharage palipo na furaha. Punje tano ni kero kubwa, moja ni ndogo.
4. Kila kundi lieleze duara lake kwa jingine.
5. Wanakamati wasikilize tu. Wasijibu, wasijitetee, wasihubiri. Katibu aandike maneno kama yalivyosemwa, bila majina.
6. Mwishoni vijana wenyewe wachague kero tatu za kuanza nazo na furaha moja ya kulindwa.

Saa ya msichana inaweza kuwa hivi: saa 11 alfajiri maji, saa 1 asubuhi kufagia na chai ya wadogo, saa 3 hadi saa 7 shamba, saa 8 vyombo na kufua, saa 10 mashineni, saa 11 jioni kwaya, saa 1 usiku kupika, saa 3 usiku simu ya mama kwa nusu saa. Katika siku nzima maharage yamewekwa mara mbili. Kikao kikisogeza kwaya hadi saa 1 usiku, amebaki na moja.

Tahadhari: kijana akigusia ukatili au unyanyasaji, msilijadili kundini. Mwongozaji aongee naye faragha na kumsaidia kumfikia afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Kamati inaweza kuanza na nini?

- Simu moja ya ofisi yenye bando, Jumatano na Jumamosi mchana, kwa ajili ya matokeo, tahasusi na maombi ya vyuo. Mwalimu mstaafu akae hapo kusaidia.
- Tangazo kwa waumini kabla ya Januari: tusiwaulize watoto wetu daraja hadharani. Anayetaka kujua amwulize mzazi.
- Wazazi wakubaliane kumwachia kijana tuta moja au kuku wawili, na mapato yawe yake.
- Taulo za kike ziwekwe kwa mama mmoja anayeaminika, zichukuliwe bila maelezo.
- Daftari la wanaoondoka: jina la mwajiri, mtaa na namba ya simu, kabla ya kupanda basi.
- Siku na saa ya kwaya na mpira zisiguswe na kikao chochote.

Neno kwa wafadhili

Mambo haya hayatoi ajira. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, lakini godoro, sare na nauli bado vinasumbua familia, na aliyekosa nafasi bado anahitaji chuo au mtaji. Kazi hiyo kubwa iendelee. Tunachoomba ni kifungu kidogo cha bajeti kisichofungwa mapema, ambacho kamati itakipangia matumizi baada ya zoezi la saa ya siku. Mpira, nyuzi za gitaa au bando havionekani vizuri kwenye picha ya ripoti. Kipimo chake ni rahisi: tuliwaandika vijana wangapi Desemba, na mwezi Julai tunajua wangapi kati yao wako wapi na wanafanya nini?

Maswali ya kujadili

1. Tajeni vijana wa parokia yenu waliomaliza kidato cha nne mwaka jana. Ni wangapi hamjui walipo?
2. Katika kamati yenu, nani ana umri chini ya miaka 20? Mara ya mwisho alizungumza lini, na nini kilifanyika?
3. Ni kero ipi kati ya zilizotajwa inayosababishwa na sisi wenyewe watu wazima?
4. Ni furaha gani ya vijana tuliyoizuia mwaka huu, na kwa sababu gani? Je, inaweza kurudishwa wiki hii?