Seli T na Virusi vya Rota: Kinga ya Mtoto Inavyopambana

Kwa mzazi na mlezi

Virusi vya rota husababisha kuhara kukali kwa watoto wadogo. Huingia kwa mdomo, kupitia mikono, maji au vyombo vyenye uchafu wa kinyesi. Baada ya siku 2 hivi mtoto hupata homa, hutapika na kuharisha majimaji, mara nyingi kwa siku 3 hadi 8.

Seli T huvitambuaje?

Virusi hujificha ndani ya seli za utumbo mwembamba, zile zinazofyonza maji na chakula. Lakini seli iliyovamiwa hukatakata baadhi ya protini za virusi na kuvianika vipande vyake juu ya utando wake wa nje. Seli za ulinzi nazo hupeleka vipande kama hivyo kwenye tezi za limfu. Huko, kati ya mamilioni ya seli T (chembe nyeupe za damu za kinga), ni chache tu zenye kipokezi kinacholingana navyo. Hizo huanza kugawanyika hadi ziwe jeshi, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa.

Zikishakuwa nyingi

- Seli T za kuua hurudi kwenye utumbo, zikatafuta seli zinazoonyesha vipande vile na kukomesha uzalishaji wa virusi. Panya wa maabara waliozaliwa bila seli T wala seli B (seli za kinga zinazotengeneza kingamwili) hukaa na virusi muda mrefu. Walipopewa seli T za kuua kutoka kwa panya wenye kinga, virusi vilitoweka.
- Seli T saidizi huchochea seli B zitengeneze kingamwili za IgA, zinazonasa virusi ndani ya utumbo.
- Baadhi hubaki kama seli za kumbukumbu. Virusi vikirudi, mapambano huanza mapema.

Kwa nini chanjo?

Kinga huhitaji siku. Mtoto anayeharisha anaweza kuishiwa maji kwa saa chache. Matone ya chanjo yana virusi hai vilivyodhoofishwa, vinavyoifundisha kinga kabla ya ugonjwa. Tanzania iliianza mwaka 2013, Kenya mwaka 2014. Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na wiki 6. Mweleze mhudumu iwapo mtoto alizaliwa na upungufu mkubwa wa kinga, au utumbo wake uliwahi kujikunja na kuingiana.

Mtoto akiharisha

- Koroga pakiti ya ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini) kwenye maji safi na salama kwa kipimo kilichoandikwa, umpe kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea.
- Mpe zinki kama ulivyoelekezwa na mhudumu.
- Endelea kumnyonyesha.
- Usimpe antibayotiki kwa kubahatisha, haziui virusi.

Macho yakididimia, akilegea, akishindwa kunyonya au choo kikiwa na damu, mwahishe kituo cha afya.

Angalia kadi ya kliniki leo. Kama mwanao amepitwa na dozi, mpeleke upesi. Mhudumu atakueleza kama umri wake bado unaruhusu.