Dhana ya "Kinga" katika Elimu ya Chanjo: Mfano wa Thika na Ruiru

1.0 Utangulizi

Methali isemayo kinga ni bora kuliko tiba hutumiwa sana katika uhamasishaji wa afya. Hata hivyo, neno kinga hubeba dhana zaidi ya moja, na mkanganyiko wake waweza kumgharimu msikilizaji afya yake. Makala haya yanalinganisha kinga itokanayo na maambukizi na ile itokanayo na chanjo. Thika na Ruiru ni miji ya viwanda katika Kaunti ya Kiambu, ambamo Kiswahili huwaunganisha wenyeji na wafanyakazi waliotoka kwingineko. Aidha, Thika ilikuwa mojawapo ya vituo vitatu vya utafiti wa KEN SHE kuhusu chanjo ya virusi vya HPV, visababishi vya saratani ya mlango wa kizazi.

2.0 Maana mbili za kitenzi kukinga

Anayekinga mvua kwa mwavuli huizuia isimfikie. Anayekinga maji ya mvua kwa ndoo huyapokea. Maana hizi mbili zinasaidia kueleza kazi ya kingamwili, yaani protini ambazo mwili huunda dhidi ya vimelea.

3.0 Mwavuli na ndoo

Homa ya dengue, iliyozuka Mombasa mwaka 2013, husababishwa na virusi vya aina 4. Aliyeambukizwa aina moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo. Dhidi ya nyingine, kinga ni ya muda tu. Baadaye, kingamwili zilizosalia zaweza kuvishika virusi vya aina nyingine bila kuvidhoofisha, zikavirahisishia kuingia katika seli. Hapo kinga imekuwa ndoo. Mwaka 2016 Ufilipino ilianza kuwachanja watoto kwa Dengvaxia, na zaidi ya 800,000 walichanjwa. Novemba 2017 watengenezaji walitangaza kwamba asiyewahi kuambukizwa dengue angeweza kuugua vikali zaidi baada ya chanjo hiyo. Mpango ukasitishwa.

Kwa HPV hali ni tofauti. Virusi hivi hukaa katika tabaka la juu la ngozi bila kuenea katika damu, hivyo mwili huvitambua kwa unyonge, na baadhi ya walioambukizwa hawaundi kingamwili zinazopimika. Chanjo hudungwa katika msuli na kuibua kingamwili nyingi zaidi. Wasichana na wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 walishiriki Thika, Nairobi na Kisumu. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba, katika miezi 18, dozi moja ilikuwa na ufanisi wa 97.5% dhidi ya maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na ya 18.

4.0 Athari kwa tafsiri

Mzazi wa Ruiru akiambiwa tu kwamba bintiye "atapata kinga", ana haki ya kuuliza kama mwili haujikingi wenyewe. Ili ajibiwe ipasavyo, mfasiri hana budi kutaja kinga ni dhidi ya nini, imetokana na nini, na hudumu kwa muda gani. Vilevile atenganishe kingamwili na kinga ya mwili: ya kwanza ni protini, ya pili ni uwezo mzima wa mwili, kama idhihirikavyo katika kirefu cha UKIMWI.

5.0 Hitimisho

Imebainika kwamba si kinga ya maambukizi wala ya chanjo iliyo bora daima. Kila ugonjwa una kanuni zake. Wanafunzi wa isimu na tafsiri wana wajibu wa kuyaweka wazi hayo kabla mzazi hajatia sahihi fomu ya ridhaa.