Kompyuta Ndogo ya Kunyweshea Miche

Hapa kwetu Chikongola, katika mji wa Mtwara, mvua huanza kunyesha mwezi wa Novemba au Desemba, na ufikapo mwisho wa Mei zimekwisha. Tangu hapo upepo wa Kusi huvuma na kukausha nchi. Udongo wetu ni wa mchanga. Maji yakimwagwa asubuhi, jioni yamekwisha kuzama. Kwa hiyo mche mdogo wa nyanya ukikosa maji siku chache hunyauka, na ukinyauka sana haufufuki tena.

Kila mwanafunzi ajua taabu ya zamu ya kunywesha bustani ya shule. Lakini taabu iliyo kubwa ni likizo ya Juni, maana wanafunzi wamekwenda kwao na miche imebaki peke yake. Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kutengeneza chombo kinachonywesha miche chenyewe. Tena tutaona jinsi kosa letu moja lilivyotupotezea pipa zima la maji.

Vyombo vitakiwavyo ni hivi: kompyuta ndogo, kipima unyevu, pampu ndogo, swichi ya umeme iitwayo rilei, betri pamoja na paneli ya sola ya kuichaji, mpira mwembamba wa maji, na pipa. Kompyuta hii si ile yenye kioo na vibonye vya kuandikia. Ni kibao chembamba kinachoenea katika kiganja cha mkono. Aina moja ijulikanayo sana huitwa Arduino. Ilibuniwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, nchi ya Italia, ili wanafunzi wapate kifaa chepesi cha kujifunzia.

Kila chombo kina kazi yake, kama viungo vya mwili. Kipima ni kama kidole kilichotiwa udongoni, kompyuta ni kama kichwa, na pampu ni kama mkono. Kompyuta yenyewe haina nguvu ya kuendesha pampu. Ukiifunga pampu moja kwa moja katika kibao, kibao chaweza kuungua. Kwa hiyo pampu hupata umeme wake katika betri, na kompyuta huiamuru rilei tu kuupitisha umeme huo au kuukata.

Vipima ni vya namna mbili. Vingine vina chuma kilicho wazi, nacho huliwa upesi udongoni. Chagua kile ambacho chuma chake kimefunikwa, maana hudumu zaidi.

Kompyuta hugeuza habari za kipima kuwa namba, tangu 0 hata 1023. Namba hizo hazina maana mpaka umezijaribu katika udongo wako mwenyewe. Twaa makopo mawili. Moja tia mchanga mkavu, la pili tia mchanga uliolowa. Tuseme katika mchanga mkavu wasoma 600, na katika mchanga uliolowa 300. Basi chagua namba ya katikati, yaani 450. Ikizidi hapo, udongo una kiu. Pima na pampu pia. Yetu ilijaza debe la lita 20 kwa dakika 10, maana yake lita 2 kila dakika.

Sasa sikilizeni kosa letu. Amri tulizoiandikia kompyuta hapo kwanza zilikuwa mbili tu: udongo ukikauka, washa pampu, udongo ukilowa, zima. Kwa muda wa wiki moja kazi ilikwenda vizuri, nasi tukafurahi. Jioni moja kuku aliingia kitaluni, akapekua mchanga, akang'oa kipima. Kipima kikalala juu, hewani. Kompyuta ikasoma ukavu, ikawasha pampu; ikasoma tena, ukavu ni ule ule, na pampu ikaendelea. Pipa letu lilikuwa la lita 200. Fanyeni hesabu: lilikauka kwa dakika 100. Asubuhi tulikuta pipa tupu, na miche imesombwa na maji. Nayo maji hayo wanafunzi waliyachota kwa ndoo, wakayabeba vichwani.

Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, je, mashine haikuona kwamba maji yanafurika?"

Nikamjibu, "Haikuona, kwa sababu hatukuipa jicho. Ilitii yale tuliyoiamuru. Tuliokosa ni sisi."

Basi tuliandika amri upya, hivi. Kwanza, soma unyevu. Pili, namba ikizidi 450, washa pampu sekunde 30, kisha izime. Tatu, ngoja nusu saa ili maji yazame, ndipo usome tena. Nne, usinyweshe zaidi ya mara 6 kwa siku, hata kama kipima kinasema udongo ni mkavu. Kila mara ni lita 1; kwa hiyo maji yatumikayo kwa siku hayazidi lita 6, na pipa la lita 200 latosha siku 33. Tulizungusha ua wa miti kuzuia kuku. Tena tuliinua mdomo wa mpira juu kuliko maji ya pipa, kwani ukiwa chini, maji huendelea kushuka yenyewe hata pampu ikizimwa.

Hata hivyo tulimwomba mlinzi wa shule atazame kitalu kila asubuhi. Mashine ni mtumishi mtiifu, lakini haijui kusudi la bwana wake. Haijui kwamba mche ni uhai, wala kwamba maji ni jasho la watu. Kujua hayo ni kazi yetu. Mwenye kuamuru na afikiri kwanza ni nini kitatokea amri yake ikifuatwa hata mwisho.

MASWALI

1. Kwa nini pampu haifungwi moja kwa moja katika kompyuta?
2. Kuku alisababishaje pipa kukauka?
3. Pampu yako ikitoa lita 3 kwa dakika, sekunde 30 zitatoa maji kiasi gani? Pipa la lita 200 litatosha siku ngapi?
4. Ni amri ipi iliyo muhimu kupita zote, nawe waonaje sababu yake?