Mpira wa Katikati: Wanandoa Wanapojifunza Tenisi Ukubwani



Jioni, jua linapopunguza ukali, watu hupunga upepo karibu na Ngome ya Yesu hapa Mombasa. Wapo wanaokunywa kahawa chungu, wapo wanaokula viazi karai, na watoto hukimbizana. Ukitazama kwa makini, utawaona pia mume na mke walioketi pamoja bila kusema neno. Mmoja anatazama simu, mwenzake anatazama wapita njia. Hawajagombana. Ni kwamba, siku hizi, hawana la kusemezana isipokuwa karo, kodi ya nyumba na bei ya unga.

Somo letu la leo linawahusu hao. Nalo linaanzia mahali ambapo huenda hukupatarajia: kwenye uwanja wa tenisi.

Usicheke, ndugu msomaji. Najua utasema, "Tenisi ni ya wenye nacho, na mimi nimekwisha pita miaka arobaini." Lakini Baba Mtakatifu Leo wa XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, amesema mwenyewe kwamba hucheza tenisi kama mchezaji wa kawaida tu, kwa kujifurahisha. Naye ni mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, ambalo watawa wake walifika hapa Mombasa mwaka 1597, wakati Ngome ilikuwa bado mpya. Basi tusione haya kushika raketi.

KWA NINI TENISI?

Kwanza, kwa ajili ya afya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, na watoto dakika 60 kila siku. Huko Copenhagen, Denmark, wataalamu walifuatilia watu zaidi ya 8,500 kwa miaka ipatayo 25. Mwaka 2018 walitangaza kwamba wacheza tenisi waliishi kwa wastani wa miaka 9.7 zaidi ya wale wasiofanya mazoezi. Hilo peke yake halithibitishi kwamba ni tenisi iliyowaongezea umri. Hata hivyo, wataalamu hao waliona kuwa michezo inayowakutanisha watu ndiyo iliyokuwa na matokeo mazuri zaidi.

Pili, kwa ajili ya ndoa yenyewe. Mkitembea pamoja mnaweza kutembea kimya. Mkitazama televisheni mnaweza kutazama kimya. Lakini tenisi haichezeki bila kumtazama mwenzako. Unahitaji kujua amesimama wapi, amechoka au bado, mpira wake unakuja kwa kasi gani. Kuna wanandoa ambao hawajatazamana hivyo kwa miaka mingi.

Tatu, na hili ndilo kubwa: mkianza wote wawili mkiwa hamjui, mnakuwa wanafunzi wa darasa moja. Nyumbani kila mmoja ana ufalme wake. Baba anajua mambo ya gari na benki, mama anajua mambo ya jikoni na ya watoto. Uwanjani hakuna mfalme. Kwa Kiingereza, sifuri ya tenisi huitwa kwa neno lile lile lenye maana ya "upendo". Kila mchezo huanzia hapo, kwa wote wawili.

JERAHA LINAPOANZIA

Hata hivyo, nisiwafiche. Mchezo huu unaweza kuponya nyumba, na unaweza kuijeruhi. Tuchukue mfano.

Bwana ana miaka 45, mkewe ana 41, nao wana watoto watatu. Wanaanza kwa furaha. Jumamosi ya tatu mke anarudisha mipira kumi mfululizo, na bwana anaipiga nje mmoja baada ya mwingine. Kifungua mimba anapiga kelele, "Baba umeshindwa na Mama!" Bwana anacheka, lakini ni cheko la meno tu. Jumamosi ya nne ana kazi ofisini. Ya tano mgongo unamuuma. Jioni, mezani, mchuzi umepungua chumvi, naye anasema neno lisilohusu chumvi: "Siku hizi wewe bingwa wa uwanjani, jikoni umehama." Mke ananyamaza. Watoto wanatazama sahani zao.

Mke naye ajichunguze. Akienda kwenye jumuiya ndogondogo na kusimulia jinsi mumewe anavyokimbia kama bata, na wenzake wakacheka, amemshinda mara ya pili, na safari hii bila raketi.

Ngome ya Yesu inatufundisha jambo hapa. Mwaka 1696 ilizingirwa, na waliokuwa ndani walijifungia kwa karibu miaka mitatu, hadi Desemba 1698. Kuta hazikuangushwa, lakini njaa na maradhi viliwamaliza watu ndani yake. Mume au mke anayejifungia ndani ya kiburi chake huwa hivyo. Hakuna anayemgusa, lakini ndani anakwisha.

Sasa tuendeleze mfano wetu. Usiku ule mke anasema, "Baba watoto, nisamehe. Nilikufanya kichekesho mbele za watu." Bwana anakaa kimya kidogo, kisha anajibu, "Mama watoto, kosa si lako. Tangu nipunguzwe mshahara sijisikii mshindi popote. Nilidhani uwanjani angalau ningeshinda." Mnaona? Habari ile ilikuwa imefichwa kwa miezi. Haikutolewa na padre wala mshauri. Imetolewa na mpira uliotoka nje. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi tuongeze: asiyekubali kuonekana hajui mbele ya mwenzi wake, atampa mwenzi huyo nafasi gani ya kumsaidia?

JINSI YA KUANZA

1. Mwoneni daktari kwanza, hasa kama mmoja wenu amepita miaka 40 au ana shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya magoti.

2. Chagueni saa. Joto la pwani si la kuchezewa. Chezeni saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na mbebe maji ya kutosha. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, mpira utapeperushwa, basi msilaumiane.

3. Tafuteni mahali. Hapa kisiwani, Mombasa Sports Club, iliyoanzishwa mwaka 1896, ina viwanja vya tenisi. Ulizeni masharti na ada kabla ya kuwaahidi watoto. Kama mfuko hauruhusu, fungeni kamba kati ya viti viwili uani, kwa kimo cha kama mita moja hivi. Ukuta wa nyumba yenu pia unafaa kwa mazoezi. Kuta za Ngome haziguswi! Ni urithi wa dunia uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2011.

4. Msinunue vitu vya gharama. Raketi za mitumba na viatu vya raba vyenye soli imara vinatosha. Mipira iliyokwisha tumika hudunda polepole, na kwa mwanafunzi hilo ni jema. Ipo pia mipira ya wanaojifunza: ile myekundu huenda polepole kwa asilimia 75 kuliko mpira wa kawaida, ya rangi ya chungwa kwa asilimia 50, na yenye alama ya kijani kwa asilimia 25.

5. Msianze na uwanja mzima. Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77, na mtu mzima asiyezoea atatweta bure. Simameni kwenye mistari ya katikati, ambayo iko mita 6.40 kutoka kwenye wavu. Juma la kwanza rushianeni mpira kwa mkono, udunde mara moja, mwenzako audake. Juma la pili fanyeni hivyo kwa raketi, polepole.

6. Mwezi wa kwanza msihesabu pointi. Hesabuni mipira mliyorudishiana bila kukosea: mitano, kumi, ishirini. Mkihesabu hivyo, mpira mzuri ni ule ambao mwenzako anaweza kuurudisha. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba wamezoea kurushiana maneno yasiyorudishika.

7. Mwalimu awe mtu mwingine. Lipieni mafunzo machache kama mnaweza, au mwombeni jirani anayejua. Mume asimfundishe mke, wala mke asimfundishe mume, isipokuwa ameombwa.

KANUNI YA SHAKA

Tenisi ina desturi moja ambayo ningependa iandikwe juu ya mlango wa kila nyumba. Pasipo na refa, kila mchezaji ndiye huamua kama mpira ulioanguka upande wake umetoka au umo ndani. Na akiwa na shaka, humpa mwenzake pointi. Hasemi, "Sikuona vizuri, kwa hiyo umetoka." Husema, "Sikuona vizuri, kwa hiyo umo ndani."

Wangapi kati yetu hufanya hivyo nyumbani? Mume amechelewa na simu yake imezimwa. Mke hana hakika, lakini amekwisha hukumu. Mke amesahau kununua dawa ya mama mkwe. Mume hana hakika, lakini amekwisha sema, "Umefanya makusudi." Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya upendo, aliwafundisha kwamba upendo hauhesabu mabaya. Uwanjani mnaweza kulifanyia zoezi fundisho hilo mara kumi katika asubuhi moja.

Simaanishi kwamba mtu afumbe macho mbele ya kipigo, ulevi au uzinzi. Hayo hayana shaka ndani yake, nayo yanahitaji msaada wa paroko, wa ndugu na wa sheria.

MPIRA WA KATIKATI

Mkizoea, chezeni upande mmoja wa wavu, nyinyi wawili dhidi ya watoto au dhidi ya wanandoa wenzenu. Hapo mtakutana na adui mpya: mpira unaopita katikati yenu. Mume anadhani ni wa mke, mke anadhani ni wa mume, na mpira unapita huku wote wawili wanautazama. Au wote wawili wanaukimbilia na raketi zinagongana.

Dawa yake ni moja: kusemezana kabla na wakati wa mchezo. "Wangu!" "Wako!" Wachezaji wengi hukubaliana mapema nani atachukua mipira ya katikati, ili pasiwe na ubishi.

Fikirini sasa mipira ya katikati iliyo nyumbani mwenu. Nani atazungumza na binti aliyeanza kujifungia chumbani? Nani ataandika barua ya kuomba muda wa kulipa karo? Nani ataanzisha sala ya jioni? Mara nyingi mambo hayo hayaharibiki kwa ubaya wa mtu. Huharibika kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake atayachukua. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 kuhusu upendo katika familia, alikazia maneno matatu ya kutumiwa nyumbani: kuomba ruhusa, kushukuru na kuomba msamaha. Uwanjani yote matatu yana kazi.

NA WATOTO JE?

Wapelekeni, lakini msiwafanye farasi wa mashindano. Wakenya tulifurahi mwaka 2022, Angella Okutoyi aliposhinda taji la wasichana wawili wawili huko Wimbledon pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Binti huyo alilelewa na bibi yake. Lakini si kila mtoto ni Okutoyi, na haimpasi kuwa. Mtoto anayemwona baba yake akikosea, akacheka, kisha akajaribu tena, amejifunza jambo litakalomfaa hata kama hatashika raketi tena maishani.

Jumapili Misa Takatifu itangulie. Mchezo utafuata.

YA KUJADILIANA

Ketini wawili, zimeni simu, mjibuni kwa zamu bila kukatizana:

1. Ni lini mara ya mwisho tulijifunza jambo jipya pamoja?
2. Ni jambo gani naona haya kuonekana silijui mbele yako?
3. Je, nimewahi kukufanya kichekesho mbele ya watoto au majirani? Ninaomba msamaha kwa lipi?
4. Ni mpira gani wa katikati unaotupita hapa nyumbani? Juma hili nani atasema, "Wangu"?

Jumamosi ijayo, kabla jua halijawa kali, shikaneni mikono mkatafute uwanja. Mkirudi mmeshindwa wote wawili lakini mnazungumza, mmeshinda.

Mungu azibariki ndoa zenu.